Wasifu wa Mama Aliye Hai

Jumanne, mwisho wa Agosti. Upepo tu.

Upepo wa Dodoma wa mwezi huu haukuachi uwaze vizuri. Vumbi limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Kule kiwandani matofali yanakauka kabla ya wakati wake, inabidi yamwagiwe maji mara tatu kwa siku badala ya mbili. Leo kazi hiyo nimewaachia mafundi. Ni saa kumi jioni, nimekaa barazani kwangu, na mama yangu amelala chumba cha mbele. Anakoroma. Sikujua kama mtu anaweza kufurahia mkoromo kiasi hiki.

Naandika ili nisimpigie simu tena mdogo wangu. Kwa leo tumezungumza vya kutosha.

Wengi mnaopita humu bloguni mnanijua kwa habari za kazi: mfuko mmoja wa saruji, matofali thelathini na tano, anayekwambia hamsini anakuuzia mchanga. Leo sina somo la matofali. Nina aibu moja, na ni afadhali niitoe mapema.

Kwa siku mbili nzima nilikasirikia kitu kisicho chenyewe.

Mdogo wangu anaitwa Elia. Anaishi na mama Mlali, nyumbani kwetu. Analima, na anaandika wasifu wa marehemu. Hana kibao mlangoni, lakini kata nzima inamjua. Mtu akifariki, kabla turubai halijafungwa vizuri, wanatumwa watu wawili kwa Elia na majina ya watoto na mwaka wa ubatizo. Anakaa nao nusu saa akiwauliza maswali ya ajabu ajabu: marehemu alipenda kukaa upande gani wa moto, alimwitaje mbwa wake. Halafu anaandika, na siku ya maziko anasoma mwenyewe, na watu wanalia hadi wale waliofuata wali.

Kwamba anaongeza chumvi tulijua wote. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akichapa watu fimbo, hata wasio watoto wake. Kwenye karatasi ya Elia akawa "mlinzi wa maadili ambaye mkono wake haukuchoka." Wajane wake wawili walikuwa wakitikisa vichwa kukubali. Nilicheka moyoni, na nilijivunia pia. Mimi nilipata kichwa cha hesabu, yeye akapata maneno. Niliona tumegawana vizuri.

Jumamosi nilikwenda Mlali kupeleka dawa za presha za mama, kama ninavyofanya kila baada ya miezi miwili. Ni vidonge vya aina mbili, vyeupe na vya njano, sitini kwa sitini, kimoja cha kila aina kwa siku. Elia hakuwepo, alikuwa msibani kijiji cha jirani. Sijamaliza hata maji ya kunywa niliyopewa, akapiga simu.

"Dada, samahani, nimesahau daftari. Liko juu ya kabati, la kijani. Fungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, piga picha, unirushie. Mwili wanautoa sasa hivi."

Juu ya kabati kulikuwa na kaunta buku mbili, zote za kijani. Nikafungua ya juu.

*Wasifu wa Marehemu Mama Yetu Mpendwa, Damari.*

Mama Damari mwenyewe alikuwa uani anachambua karanga. Nilimsikia akimfokea kuku.

Nikafungua ya pili, nikaona ndiyo aliyoitaka, nikapiga picha nikamrushia, kwa sababu msiba wa watu hausubiri. Kisha nikakaa kwenye kitanda cha Elia nikarudi kwenye ile ya kwanza.

Kurasa sita. Tarehe ya kuzaliwa ipo, tarehe ya kufariki imewekewa nukta. Kulikuwa na mambo ambayo mimi sikuyajua kabisa. Kwamba mama alipokuwa msichana alikuwa akisaga uwele kwa wimbo mmoja, na wimbo ukiisha anajua unga umetosha watu watano. Wakija wageni anaurudia. Nililia ukurasa wa pili. Lazima niseme hivyo, kwa sababu nililia kweli.

Halafu nikafika ukurasa wa nne. "Ameacha watoto wawili: Elia, aliyekuwa macho yake na fimbo yake hadi pumzi ya mwisho, na Rehema, aliyebanwa na shughuli za mjini."

Nikahesabu. Yangu yalikuwa maneno saba.

Nyumba ambayo Elia anaandikia ina matofali elfu moja na mia nane. Niliyafyatua kwa mikono yangu wakati sina hata mashine, nikayapeleka kwa safari sita. Bati arobaini na mbili. Tenki la maji. Dawa za mama kwa miaka minne, hazijachelewa hata siku moja. Simu kila jioni saa moja kamili, nikiwa mgonjwa, nikiwa safarini, nikiwa na deni la saruji. Na mtu anakuja kunifupisha kwa maneno saba mbele ya kaburi la mama ambaye hajafa.

Mwenye akili zake akikuta wasifu wa mama yake aliye hai atauliza kwanza umeandikwa kwa nini. Mimi niliuliza kwa nini nimeandikwa kidogo. Huko kuandikwa kwenyewe nilimsamehe haraka: ni mtu wa kazi hiyo, labda anajiandaa, kama fundi seremala anavyoweka mbao pembeni. Nikapiga picha kurasa zote sita ziwe ushahidi siku ya kugombana. Nikaziweka dawa mpya kwenye kopo, nikamuaga mama, nikaondoka kabla Elia hajarudi.

Jumapili kanisani sikuimba. Mara nne nilimwandikia ujumbe nikaufuta.

Jana, Jumatatu, nikiwa kiwandani na mpira wa maji mkono mmoja, nikatoa simu ili nihesabu mistari. Nilitaka nimwambie kwa takwimu: wewe umejipa mistari mingapi, mimi mingapi. Nilihesabu ya kwake ikafika thelathini na nane, na ndipo nikalazimika kusoma vizuri ukurasa wa tano, ambao Jumamosi niliupita kwa hasira.

"Katika majuma yake ya mwisho, Mama alizikataa dawa. 'Mwanangu,' aliniambia, 'vidonge vimenichosha. Niache nipumzike.' Nami, kwa machozi, nikaheshimu."

Mama yangu haongei hivyo. Na mama yangu hajawahi kukataa dawa maishani mwake. Aliwahi kumalizia dozi ya mafua iliyobakizwa na mjukuu kwa sababu aliona ni dhambi kuitupa.

Juu ya maneno hayo kulikuwa na mistari miwili iliyokatwa. Wa kwanza: "alianguka ghafla uani." Wa pili: "alilala, hakuamka." Elia alikuwa amejaribu vifo vitatu. Pembeni mwa hicho cha tatu aliandika kwa herufi ndogo: *hii inagusa zaidi.*

Nikafunga bomba.

Kilichonijia kichwani ni kopo. Jumamosi nilipoweka vidonge vipya kwenye kopo la majarini la mama, kifuniko hakikufunga. Nilikigandamiza kwa kiganja nikaendelea na hasira zangu. Mimi, ambaye nikiingia ghalani najua kwa macho kama mifuko miwili imepungua, nilikigandamiza kifuniko kwa kiganja.

Nikachukua kirikuu, kigari chetu cha kubebea matofali, nikaondoka vile vile na buti za kazini. Zaidi ya saa mbili njiani sikuwasha redio.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake, karanga mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Juzi umekuja, leo tena. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi kaa ule. Umekonda."

Nikaomba ungo. Nikaleta kopo, nikavifungua vidonge vyeupe nikavipanga juu ya ungo kumi kumi, kama ninavyopanga matofali uwanjani. Mama aliendelea na karanga zake. Amezoea mwanawe kuhesabu. Kutoka siku niliyoleta dawa za awamu iliyopita hadi jana zilikuwa siku sitini. Ukijumlisha na vile vya Jumamosi, kwenye kopo vilitakiwa viwe sitini. Vilikuwa mia moja na vitatu. Nikahesabu vya njano. Mia moja na vitatu.

Katika siku sitini mama alikunywa dawa siku kumi na saba.

"Mama, dawa unakunywa?"

"Nakunywa. Kichwa kikiuma."

"Si kila siku?"

"Zamani kila siku. Elia kasema daktari kapunguza. Kasema mwili umeshazoea."

Alisema hivyo huku akipuliza maganda ya karanga. Nikashika ukingo wa ungo kwa mikono miwili ili vidonge visimwagike.

Elia alirudi saa saba na baiskeli. Aliponiona alitabasamu, halafu akauona ungo. Nilimwita nyuma ya nyumba, karibu na choo, ambapo mama hasikii.

"Arobaini na tatu," nilimwambia.

Hakuuliza arobaini na tatu za nini.

"Dada, wewe hulali hapa," alisema. "Akinywa vile vidonge, usiku anakwenda haja mara nne, mara tano. Choo hiki hapa, unakiona kilivyo mbali. Mimi ndiye ninayemshika mkono. Mara tano, dada, kila siku, kwa miaka minne. Asubuhi nikienda shamba naona mawenge."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia nini? Ungeniuliza kwa nini mara tano si mara tatu."

Hapo alinipata, na nakubali. Lakini nilikuwa sijamaliza.

"Ukamwambia mama daktari kasema. Ukaniambia mimi kwenye simu ameshakunywa. Halafu ukakaa ukaandika kwamba amekataa mwenyewe."

Ndipo uso wake ulipobadilika. Kwa vidonge aliinama tu, lakini kwa daftari alishtuka.

"Umesoma? Ile si ya kusomwa, dada. Ile ni rasimu. Umemwonyesha mtu?"

"Ina tarehe ya kuzaliwa ya mama, Elia."

"Naandika tu. Nikiandika napata nafuu. Haina maana nataka itokee."

Kuku akapita katikati yetu. Kisha mdogo wangu, mtoto niliyembeba mgongoni kwenda kliniki, akaniuliza kwa sauti ya chini, na nadhani alishindwa kujizuia:

"Lakini ulipofika pale ukurasa wa tano... uliguswa?"

Nilikwenda kumfunga mama kitenge nikamwingiza kwenye kirikuu.

Nimelifikiria swali lile tangu jana kuliko hata vile vidonge. Mtu aliyechoka namwelewa. Mimi mwenyewe ningeamka mara tano kwa miaka minne, sijui ningekuwa na roho gani. Kinachonitisha ni kwamba alipoanza kukosea hakutafuta msaada, alitafuta sentensi. Alikuwa ameshaona jinsi watu wa Mlali watakavyolia. Ameshajiweka pale mbele, na karatasi, na machozi. Na kidogo kidogo mama alikuwa anasogezwa kuelekea ukurasa huo, hakuna aliyemsukuma waziwazi, kidonge kimoja leo hakitolewi, kesho kimoja.

Hata kule kunifupisha sasa nakuona kwa jicho lingine. Kwenye habari ile hakutakiwi mtu anayehesabu.

Tulifika mjini saa kumi na moja, nikampeleka mama moja kwa moja zahanati iliyo karibu na kwangu. Muuguzi alipima, akapima tena mkono wa pili. Mia moja tisini na sita juu, mia moja kumi na nne chini.

"Bibi, ulikuwa unatembea na presha hii?"

"Sasa mwanangu," mama akamjibu, "ningeiacha wapi?"

Muuguzi alicheka. Mimi nilitoka nje kidogo.

Niliporudi alikuwa ameshika vidonge vya njano. Akaniambia hivi ndivyo vya kutoa maji mwilini, ndivyo vinavyomwamsha. Hivi hunywewa asubuhi, ili haja zote ziishe mchana. Nikamwambia sisi humpa jioni.

"Nani aliwaambia jioni?"

Ni mimi.

Miaka minne iliyopita nilipoleta dawa za kwanza, nilimwambia Elia ampe mama zote jioni baada ya kula. Hakuna daktari aliyesema hivyo. Nilichagua jioni kwa sababu ndipo ninapofunga kazi, ndipo ninapopiga simu, na nilitaka niwe nauliza na kupata jibu. Nilipanga mwili wa mama yangu kwa ratiba ya kiwanda. Sentensi moja kwa muuguzi ingetosha, na kwa miaka minne sikuiuliza kwa sababu nilijua idadi, na nilidhani kujua idadi ni kujua dawa.

Hili litakuwa juu yangu. Silisemi ili kumpunguzia Elia. Mama kuamka mara tano ni kosa langu. Kumdanganya mama kwamba daktari kapunguza ni lake. Hayajumlishwi pamoja.

Leo asubuhi saa moja nimempa mama dawa mwenyewe, kwa maji ya uvuguvugu. Saa nne tumerudi zahanati: mia moja sabini na mbili kwa mia. Bado, lakini inashuka. Kufika saa saba mchana alikuwa ameshakwenda haja mara nne, choo kiko hatua sita kutoka kitandani kwake, na sasa ndiyo huyo anakoroma.

Kabla ya kulala aliniambia mambo mawili. Kwanza, ugali wangu wa sembe hauna ladha, nimtafutie unga wa uwele na mlenda. Pili, akipata nafuu anarudi kwake.

"Yule mtoto yuko peke yake," alisema. "Na yule daktari wenu aliyepunguza dawa, mwambieni si mzuri. Angeniua."

Nilimfunika shuka. Ningeweza kumwambia pale pale.

Nimeshapiga hesabu. Mama atakaa hapa hadi vipimo vitatu vya wiki tatu mfululizo viwe chini ya mia moja na hamsini. Kwa muda huo kule Mlali kitajengwa choo cha ndani, kimegusana na chumba chake: matofali mia nne na ishirini, nimeshayatenga, yanamwagiwa maji pamoja na mengine. Shimo atachimba Elia. Sitaki fundi amsaidie. Dawa atakaa nazo mama mwenyewe, kwenye vikopo saba, kimoja cha kila siku ya wiki. Mwanamke aliyeweza kupima unga kwa wimbo hashindwi na vikopo saba. Na nitakuwa nakwenda kulala kule siku nne za kila mwezi ili Elia alale. Hilo nilitakiwa kulianza zamani. Kiwanda hakitakufa kwa siku nne.

Yote hayo nilimwambia Elia mchana huu kwa simu. Alikubali yote, hata shimo. Halafu akasema ana jambo.

"Dada, tangu jana nimekaa naandika. Nimeandika barua ya kumwomba mama msamaha. Nikusomee mwanzo tu?"

"Hapana."

"Mwanzo tu, dada. 'Mama, mikono iliyopaswa kukushika...'"

"Elia. Njoo Jumamosi umwambie."

"Kwa mdomo siwezi. Unanijua. Kwa mdomo nitababaika."

"Babaika."

Nilisikia upepo wa kwake, na wa kwangu.

Sitamsemea. Wala sitamwonyesha mama zile kurasa sita. Picha nimezifuta leo, kabla sijaanza kuandika hapa. Jumamosi saa nne asubuhi atakaa mbele yake, amwambie kwamba hakuna daktari aliyepunguza dawa, ni yeye, na mama amwangalie usoni anavyotafuta maneno. Nitakuwa nimekaa hapo hapo. Akitoa karatasi mfukoni, nitaichukua.